Hakuna Kinacholala Mezani

Siku hiyo tulikuwa hawa. Mimi, mwenye nyumba. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama chetu na ambaye sauti yake hufika mtoni kabla yake. Jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, ambaye tulionyeshwa naye mashamba yetu siku moja wakati ile farm ya mzungu ilipokatwa vipande, na ambaye alinishika mkono nilipozaa mtoto wangu wa mwisho. Mke wa kifungua mimba wangu, ambaye ni mwekahazina kwa sababu ana kichwa cha hesabu na hana uso wa kuchekacheka. Kifungua mimba wangu mwenyewe alikuwepo pia, ingawa wanaume hawakai mezani petu. Alisimama mlangoni, bega moja ndani na bega moja nje, mweupe kwa unga kutoka nywele hadi viatu. Mjukuu wangu wa kike, niliyemlea tangu mama yake aende Uarabuni, alikuwa jikoni akichemsha chai na kusikiliza. Wanawake wengine wa chama walijaa kwenye mabenchi. Majina yao yote ninayo, wa kwanza hadi wa mwisho, na majina ya waliowazaa. Lakini waliniomba nisiwaandike, na mimi nikaona basi, kama hawa hawaandikwi, asiandikwe mtu.

Na binti yangu. Yeye alikuwa Uarabuni, lakini namhesabu. Alikuwa ndani ya simu, simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe, na kikombe kilikuwa juu ya kiti chekundu cha plastiki kilichosogezwa mezani kama kiti cha mwingine yeyote.

Ilikuwa ile miezi ya baridi, wakati ukungu unateremka mlima Menengai asubuhi na kukaa juu ya mahindi ya Rongai kama blanketi ambalo mtu amelisahau. Siku hiyo haukuondoka mchana wote. Ukifungua mlango, unaona mti mmoja, kisha hakuna kitu, kisha unasikia kikohozi cha mtu unayemjua. Ndiyo maana nikiikumbuka siku hiyo naikumbuka kama kitu nilichokiota, na wakati mwingine namuuliza jirani yangu, si ilikuwa kweli? Naye hunijibu, ilikuwa kweli, wewe ulinimwagia chai.

Niwaeleze kwanza juu ya meza, msije mkapotea.

Meza ni ya mbao nzito, na ilitoka jikoni kwa yule mzungu. Mume wangu aliibeba kwa mkokoteni wa ng'ombe wakati wengine wanabeba milango na madirisha. Nilimcheka. Nikamwambia, wenzako wanabeba vitu vya kujengea, wewe umebeba mahali pa kuweka viwiko. Sasa yeye ametangulia na meza imebaki, na kila Alhamisi akina mama huizunguka. Kila mmoja anaweka pesa yake juu, kidogo kidogo, na ile iliyowekwa inakopeshwa papo hapo kwa mwenye haja. Mwenye ndama, mwenye mbegu, mwenye paa linalovuja. Akirudisha, anarudisha na kitu kidogo cha juu, na hicho nacho kinatoka siku hiyo hiyo kwenda kwa mwingine. Sheria kubwa ni hiyo: hakuna kinacholala mezani. Mpaka mbao zionekane tupu, hakuna kuinuka. Tumewahi kukaa hadi kuku wakapanda kulala kwa sababu ya kipesa kimoja ambacho hakuna aliyekitaka, mpaka jirani yangu akakichukua kwa hasira na kwenda kununua sungura. Wale sungura walizaana mpaka tukaomba msamaha.

Na si pesa peke yake. Neno likiwekwa mezani, nalo halilali. Litasemwa, litapigwa, litakatwa, ndipo tuvae masweta twende nyumbani.

Zamani, kabla ya binti yangu kuingia chamani, pesa yake ilikuja kwangu moja kwa moja. Simu inalia ting, mimi nashuka hadi kwa wakala pale sentani, kwenye maduka, narudi na pesa ndani ya kitambaa. Ilikuja kama mvua ya huku kwetu juu ya mabati: kelele nyingi, ukitoka nje kuangalia ardhi, ni vumbi. Karo ilichukua yake. Matanga yalichukua yake, na huku kwetu watu hufa wakijua mwisho wa mwezi. Kuna mpwa aliyegonga mtu kwa bodaboda, kuna harusi, kuna harambee ya kanisa. Sisemi ilipotea. Watoto walisoma, waliougua walitibiwa, waliokufa walizikwa kwa heshima. Lakini nikikaa jioni kwenye kibaraza nilikuwa najiuliza, mtoto wangu yuko wapi katika haya yote? Ningeshika nini niseme, hiki ni jasho lake?

Kazi yake kule ilikuwa kumtunza mama mmoja mzee aliyepooza upande mmoja. Kumwosha, kumgeuza, kumwinua kutoka kitandani hadi kwenye kiti karibu na dirisha. Aliniambia, "Mama, ninamwinua huyu mama wa watu, halafu nafikiria magoti yako." Nikamwambia magoti yangu yako sawa. Hayakuwa sawa, lakini mtu aliye mbali humpi mzigo ambao hawezi kuubeba.

Ni wifi yangu aliyesema. Alikuja akanikuta nimepanga pesa kwenye mkeka, hii ya huyu, hii ya yule, na akasimama juu yangu mikono kiunoni. "Wifi, unajua kwa nini hii pesa inakwisha? Inalala. Kitu kikilala, shida zinakikuta kitandani. Ilete mezani izunguke."

"Si yangu. Ni ya mtoto."

"Basi muulize mtoto. Simu si ni ya kuongea, ama ni ya kulia ting tu?"

Tukampigia. Nikasikia feni inazunguka ndani ya nyumba ile ya watu, kisha binti yangu akasema, "Mama, ile ya karo na ya chakula baki nayo. Ile nyingine peleka mezani. Lakini na mimi nipewe kiti."

Tukamnunulia kiti. Kilitoka Nakuru mjini, chekundu, kimefungwa juu ya gari pamoja na magodoro. Kila Alhamisi tulikiweka mahali pake, kati yangu na jirani yangu, na pesa yake ikaingia mezani kutoka kwenye kiti hicho. Wageni walidhani ni cha mtu aliyekwenda msalani.

Sasa ndipo mambo yakaanza kuota, na sijui neno lingine. Jirani yangu alikopa akanunua ng'ombe wa gredi, wa kizungu, mweusi na mweupe, mwenye kiburi. Mke wa mwanangu alikopa, na kifungua mimba wangu akasimamisha mashine ya kusaga posho, ile ile inayompaka unga. Wifi yangu alikopa tangi la maji, na wanawake wa upande wa juu wakaacha kushuka mtoni. Yule anayepika chai kwenye njia panda alikopa akaongeza benchi, na benchi likaleta madereva wa malori ya mahindi, na madereva wakataka mayai, na mayai yakamfanya mwingine akope kuku. Maziwa yakazidi, tukanunua pamoja mtungi mkubwa wa kuyapoza. Hata benki! Zamani mlinzi wa benki alikuwa akituuliza tunamtafuta nani. Siku moja benki ikamtuma msichana mpole, mwenye mwavuli wa rangi nzuri, aje kutuomba tufungue akaunti. Wifi yangu akamwambia, "Kaa, kunywa chai, sisi pia tutachunguza tabia zako." Tulifungua baadaye, kwa sababu kuna mambo makubwa ambayo meza haiwezi kuyabeba, na yule msichana alitueleza bila kutudharau. Aliniambia, kama anaongea na bibi yake, "Shosho, pesa inayotoka nje ni kama maji ya bomba. Ikipata mfereji, inanyunyiza. Isipopata, inamwagika mlangoni." Nilimpenda kwa hilo.

Asubuhi nilikuwa naamka mapema na kubaki tu nimelala, nasikiliza. Mashine ya mwanangu inaanza kukohoa huko chini. Ng'ombe wa jirani anaita. Mitungi ya maziwa inagongana kwenye bodaboda inayopanda mlima. Maji yanaingia kwenye tangi la wifi. Vyote hivyo vilikuja kupitia ukungu, vikichanganyika, mpaka ikawa kama sauti ya mtu mmoja anayepumua karibu nami, na mtu huyo nilimjua. Nilimwona akitembea mlimani, si mmoja, wengi, huyu amebeba ndoo, huyu anafunga lango. Mchana mmoja nilisinzia kwenye kibaraza, nikashtuka, nikaita jina la binti yangu kwa nguvu. Ng'ombe wa jirani akageuka akaniangalia.

Lakini ng'ombe si mtu. Hilo nalijua.

Basi Alhamisi hiyo ya ukungu simu ililia kabla hatujaweka hata shilingi. Mjukuu wangu akaipokea, akaiegemeza kwenye kikombe. Uso wa binti yangu ulikuwa umevimba macho. Akasema yule mama mzee amefariki. Alikuwa amemwinua asubuhi, amemweka kwenye kiti karibu na dirisha, amekwenda kuleta maji, akarudi akakuta ameondoka huku bado anaangalia nje. Tukampa pole, sote, kila mmoja kwa zamu yake, kwa sababu alikuwa amefiwa na mtu ingawa si wa kwao.

Kisha akasema watoto wa yule mama wamempa mambo mawili. Kuna nyumba ya shangazi yao inahitaji mtu. Asaini kandarasi mpya, mshahara umeongezwa kidogo. Ama akitaka, watamkatia tikiti arudi kwao. Wanataka jibu kesho.

"Mimi sijui," akasema. "Nimejiuliza mpaka nimechoka. Naiweka mezani. Nirudi, ama nisaini? Na mnajua sheria."

  Nilisikia chai ikichemka na kumwagika kwenye moto.

Wa kwanza alikuwa kifungua mimba wangu, kutoka mlangoni. Sitamsema vibaya, ni mtoto mzuri na alisema kile ambacho wengi kwenye mabenchi walikuwa wanakifikiria wameangalia chini. "Dada asaini. Moja tu ya mwisho. Tuseme ukweli, hapa akirudi atafanya nini? Mashine yangu bado ina deni. Tukikosa ile pesa yake ya kila mwezi, meza itakuwa nyepesi. Nani atakopa nini?"

"Wewe mwanamume, uliitwa?" akauliza wifi yangu.

"Shangazi, niko mlangoni tu."

"Basi ongea kama mlango. Mlango haupigi kelele usipofunguliwa."

Watu wakacheka, lakini kicheko kikafa haraka, kwa sababu alikuwa amesema ukweli. Mwanamke mmoja wa benchi la nyuma, mwenye watoto wengi na mume asiyejulikana yuko wapi, akasema polepole, "Mimi namtakia mema yule msichana. Lakini nilikuwa nimeomba ya mbegu mwezi ujao." Akafunika mdomo kwa leso kama amesema tusi. Hakuwa ametukana. Mbegu ni mbegu.

Mjukuu wangu akaingia na birika. Alimimina chai kwa wote kwa adabu, akimaliza na jirani yangu, kisha akasimama mbele ya kile kiti chekundu na kumwangalia mama yake.

"Mum, vile viatu vya mwisho ulituma, unajua niliwapea nani?"

"Si ni vyako?"

"Nilipea mtoto wa mama wa mayai. Vinamtosha. Kila mara unatuma viatu vya yule mtoto uliacha. Huyo mtoto hayuko, mum. Miguu yangu sasa inatosha viatu vya shosho."

Akachukua birika akarudi jikoni. Binti yangu kule akashika mdomo. Mimi niliangalia miguu yangu chini ya meza.

Hapo ndipo jirani yangu wa ng'ambo ya kijito akauliza. Nafikiri ni yeye. Wifi yangu anasema ni yeye mwenyewe aliyeuliza, lakini wifi yangu hukumbuka kila neno la maana kama limetoka kwake. Jirani yangu aliweka kikombe chini na kusema, "Ngojeni kwanza. Huyu msichana ameweka mezani miaka yote hii. Na kukopa, amekopa nini?"

Mke wa mwanangu hakuhitaji kufikiria. "Hajakopa."

"Hata mara moja?"

"Hawezi. Mkopaji lazima awe ameketi."

Ni kweli, ni sheria yetu. Ilitoka kwa mwanachama mmoja wa zamani aliyekopa kwa kutuma ujumbe, halafu akahama usiku kwenda Kihoto kule Naivasha kuanza maisha mapya. Ziwa likafurika likamfuata hadi kitandani, akarudi kwetu na godoro kichwani. Tukamsamehe, tukamsaidia kukausha godoro. Lakini tukasema, kuanzia leo anayekopa tumwone uso, matako yake yawe kwenye kiti. Anayeweka anaweza kuweka akiwa popote. Anayechukua lazima awe hapa.

Tulikuwa tunaijua sheria hiyo kama tunavyojua Baba Yetu. Na kwa vile tunaijua hivyo, hakuna aliyekuwa ameisikia. Kila Alhamisi tulipitisha pesa kutoka kwa kile kiti kwenda kwa kila mmoja wetu. Kiti kilikuwa kimeketi, mwenyewe hajaketi. Mlima wote ulikuwa umenyweshwa, na aliyeshika ndoo alikuwa amesimama jangwani na kiu.

Jirani yangu akasema, "Ng'ombe wangu ni wa huyu msichana."

Wifi yangu akasema, "Tangi langu pia."

Ikazunguka benchi kwa benchi, kila mmoja anataja kitu chake. Kuku. Benchi la chai. Cherehani. Ilifika mlangoni ikasimama, tukangoja. Mwanangu alikuwa anakwangua unga kwenye kucha zake. Akasema, "Na mashine." Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Ni yeye alinibeba mgongoni. Nilikuwa mkubwa kwake na bado ni yeye alinibeba."

"Sasa jibu ni gani?" akauliza wifi yangu. "Neno halijatoka mezani. Mama mtu, wewe hujasema."

Wote wakanigeukia. Na simu nayo ikawa kama imenigeukia. Nilikuwa nimenyamaza si kwa kukosa la kusema. Neno la mama ni zito. Likisema rudi, halirudi tena mdomoni. Na niliona uso wa yule mwenye mbegu. Ningesema rudi, ningekuwa nimeyavuta maji kutoka shamba lake kumwagilia moyo wangu. Ningesema saini, ningekuwa nimemwinua mama wa watu mwingine na kumweka dirishani, na mimi nibaki na magoti yangu.

 Niliinuka. Nikaondoa simu kutoka kwenye kikombe nikaishika mkononi, nikaondoa kikombe, nikavua leso mabegani, na nikakipangusa kile kiti. Kiti kizima, mgongo na mikono na miguu, mahali ambapo vumbi la miaka lilikuwa limekaa kwa sababu hakuna nguo iliyowahi kulifuta.

Kutoka mkononi mwangu sauti ya binti yangu ikasema, "Mama? Mama, naona mabati tu. Mnafanya nini huko?"

 Aliyejibu ni wifi yangu, na sauti yake siku hiyo haikufika hata dirishani. "Mama yako anapangusa kiti, mtoto wangu."

Tukasikia anavuta pumzi. Kisha tukasikia kicheko na kilio vimekamatana, kama mvua na jua. Wifi yangu akagonga meza kwa kiganja. Neno likawa limetoka. Ndipo tukaanza kuweka pesa.

Alirudi ukungu ukiwa umeshaisha. Kaka yake mwenyewe ndiye aliyeenda kumpokea Nairobi, na aliomba gari la rafiki yake na akalipia mafuta na hakutaka kuchangiwa. Walikawia mpaka nikaanza kuomba. Kumbe alikuwa amesimama naye njiani, Kikopey, akamlisha nyama choma. Alipoteremka kwenye lango langu alinuka moshi wa nyama badala ya ndege. "Mama, huyu kijana wako amenilisha mpaka nimesahau kulia," akasema, na hapo hapo akakumbuka.

Hakuleta viatu. Kesho yake alimchukua binti yake, wakashuka Nakuru, na mguu ukapimwa dukani, wote wawili wameinama juu yake kama watu wanaoangalia kitu kilichoanguka kutoka mbinguni.

Baada ya hapo nilimtembeza mlimani, polepole, kwa sababu ya magoti, na aliponishika kiwiko kunisaidia kupanda nilihisi ule mkono ulivyojifunza. Hauvuti, hausukumi. Unangoja mwili ujiinue kisha unakwenda nao. Nilimfikiria yule mama wa dirishani na nikamshukuru, popote alipo. Nilimwonyesha binti yangu ng'ombe, tangi, mtungi wa maziwa, benchi pale njia panda lenye madereva wanaopuliza chai. Aligusa kila kimoja. Huko chini mahindi yalikuwa yamekauka, ardhi ya bonde imekuwa rangi ya mkate, na mbali kabisa vumbi lilikuwa linainuka upande wa Mogotio na kuanguka. Akasema, "Kwa simu ilikuwa ndogo." 

Alhamisi akaketi. Kile kiti kilitoa mlio, kikapanua miguu kidogo, tukaogopa, kikakubali. Meza ilikuwa nyepesi, sitawadanganya. Ile sehemu ya mwezi haikuwepo, na kila mtu aliona mahali ambapo haikuwepo. Nilisikia mtu nyuma akinong'ona, "Sasa tutaona." Nami moyoni nilikuwa nanong'ona hivyo hivyo.

Mke wa mwanangu akauliza kama kawaida, bila tabasamu, "Nani ana haja?"

Binti yangu akainua mkono. Akasema anataka kukopa. Yule mama mzee, kabla ulimi wake haujawa mzito, alikuwa amemfundisha mkate wa kwao, ule bapa, unaopakwa mafuta na ufuta. Ngano si iko hapa Njoro, mlango wa pili? Mashine ya kaka yake si inasaga? Kuna fundi anaweza kumchomelea jiko la kuokea kutoka kwa pipa. Madereva wa njia panda wanakula nini na chai, kila siku mandazi?

"Kiasi gani?"

Akataja. Ilikuwa karibu yote iliyokuwa mezani.

"Nani anamdhamini?" Mimi siwezi; kwa sheria yetu damu haidhamini damu. Jirani yangu wa kijito akainua mkono kabla swali halijaisha. Lakini wanatakiwa wawili, na wengine wakaziangalia zile pesa. Kisha mwenye mbegu akasimama, yule wa watoto wengi. Akafunga leso upya, akasema, "Mimi. Mbegu nitangoja mwezi mmoja. Lakini mkate wa kwanza ni wangu, na sio ile ya kuungua."

Mke wa mwanangu akasukuma pesa kuelekea kiti chekundu. Mbao zikabaki tupu. Tukavaa masweta.

Mwisho wa mwezi bado masikio yangu husubiri ile ting. Haiji. Nalala nikisikiliza mashine, ng'ombe, mitungi, na sasa kuna kitu kingine kabla ya sauti zote, harufu inayopita chini ya mlango ikiwa bado giza-giza, ya ngano na ufuta, na ndotoni nadhani ni yeye anarudi, halafu naamka, na amesharudi. Meza imeanza kupata uzito tena, kidogo kidogo, kutoka kwenye mkate. Si kama zamani. Mwenye mbegu alipata zake.

Ndivyo ninavyokumbuka. Lakini mimi ni mzee, na ukungu ule ulikuwa mzito. Inawezekana chai haikumwagika kwa jirani bali kwa wifi. Inawezekana kikombe kilichoshika simu kilikuwa cha bati na si cha udongo. Ninyi mliokuwa kwenye mabenchi, mnajijua, na mimi nawajua kwa majina. Kama nimekosea, njooni Alhamisi mnisahihishe. Mtanikuta mezani, na hatutainuka mpaka neno liishe.